Mimea Inywayo Maji ya Chumvi

Aliyezaliwa pwani ajua kwamba bustani haimwagiliwi maji ya bahari. Mtoto akichukua ndoo ya maji ya chumvi akaimwaga penye mchicha wa mama yake, baada ya siku chache mchicha utanyauka, na mtoto atasikia maneno. Mkulima naye akiona maji ya bamvua yamepanda mpaka yameingia kondeni, hukata tamaa na shamba lile kwa mwaka ule. Ndiyo maana ardhi iliyoingiwa na chumvi twaiita ardhi iliyokufa, na huiacha ilivyo tukaenda kutafuta nyingine.

Walakini tukishuka pwani wakati maji yamekupwa, tukapita kando ya mikoko mpaka tukafika kwenye ule uwanda mtupu ulio nyuma yake, ambao maji huufikia siku za bamvua tu, tutaona jambo la kutuzindua. Pale penye chumvi iliyoganda juu ya tope, mahali ambapo jua huchoma tangu asubuhi hata jioni, pana mimea. Si mirefu, kwani aghlabu haifiki gotini. Haina maua ya kupendeza, na mingine haina hata majani ya kuonekana. Shina lake limegawanyika pingili pingili kama muwa mdogo, nalo ni nono, limejaa maji, lina rangi ya kijani na pengine nyekundu. Ukivunja pingili moja ukaionja, utaonja chumvi.

Watu wengi huipita mimea hii bila kuiuliza jina. Katika makala haya tumependa kuiuliza jina, na kueleza inaishije, inapatikana wapi duniani, na imewafanyia wanadamu kazi gani. Msomaji atastaajabu kuona kwamba magugu haya ya matopeni yaliosha nguo za watu kwa karne nyingi, na kwamba nuru ya kandili za misikiti mikubwa ya Sham na Misri ilipita katika kioo kilichotokana na majivu ya mimea ya namna hii.

JAMAA WA MCHICHA

Ukoo mashuhuri katika mimea hii wataalamu huuita salikonia, jina lililothibitishwa na mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Na hapa pana jambo la kufurahisha: salikonia ni jamaa wa mchicha. Mchicha wa bustanini unaokufa kwa ndoo moja ya maji ya bahari, na salikonia inayoogelewa na bahari kila mwezi, wote wawili huhesabiwa katika kabila moja la mimea, pamoja na spinachi na kiazisukari. Twajua kwamba hata katika watoto wa nyumba moja, mmoja huweza yale ambayo mwenzake hayawezi.

Tawi la kabila hili lenye mashina ya pingili lina kiasi cha aina 100 duniani. Kuzipambanua si kazi nyepesi hata kwa waliosoma. Maua yake ni madogo mno, aghlabu matatu matatu, yamezama ndani ya nyama ya shina hata hayaonekani ila kwa kutazama sana, na upepo ndio upelekao chavua yake. Zaidi ya hayo, mmea wenyewe ukikaushwa ili uhifadhiwe katika karatasi, kama wafanyavyo wataalamu, hunywea ukapoteza umbo lake. Na aina moja ikiota penye tope laini huwa na sura moja, na ikiota penye mchanga huwa na sura nyingine. Kwa hiyo wataalamu wa Ulaya wamebishana kwa zaidi ya miaka 200 kuhusu idadi yake, na hata leo, ingawa wanazo njia za kuchungua nasaba ya mmea ndani ya seli zake, majina yangali yakibadilishwa.

Kandokando ya salikonia huishi mimea mingine ya tabia kama yake. Sueda ina majani membamba, manene, mfano wa vidole vya mtoto. Sesuvia hutambaa juu ya mchanga, ina shina jekundu na ua dogo la rangi ya waridi, na ingawa si wa kabila hilo hilo, imeshika desturi ile ile ya kujaza maji mwilini. Hii ya mwisho imeenea katika pwani za nchi za joto duniani kote, na watu wengine wa pwani yetu huiita mboga ya pwani, kwa kuwa majani yake huliwa.

HILA YA KUISHI NA CHUMVI

Ili tuielewe kazi ya mmea huu, yafaa tujue kwanza chumvi huuaje. Katika lita moja ya maji ya bahari mna kiasi cha gramu 35 za chumvi. Mizizi ya mmea hunywa maji kwa sababu utomvu ulio ndani yake ni mzito kuliko maji yaliyo udongoni, na maji hufuata palipo pazito. Udongo ukijaa chumvi, mambo hugeuka. Nje huwa pazito kuliko ndani, na mmea hufa kwa kiu ilhali miguu yake imo majini. Kisha chumvi ile ile ikiingia kwa wingi ndani ya seli, huharibu kazi za uhai kama sumu.

Mimea ya pwani imepewa njia mbalimbali za kujihifadhi. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isipande juu. Mchu huipokea, kisha huitoa kupitia majani yake, hata ukiyalamba utaonja chumvi. Salikonia haifanyi hili wala lile. Yenyewe huikaribisha chumvi ndani, kisha huifungia chumba chake. Katika kila seli ya nyama ya shina mna kifuko kikubwa cha maji, na chumvi humiminwa humo, ikazuiliwa isirudi upande ambako kazi za uhai zafanyika. Upande huo nao mmea huujaza vitu vingine visivyodhuru, vilivyotengenezwa na mmea wenyewe, ili uzito wa pande mbili ulingane. Kwa njia hii utomvu wake huwa mzito kuliko maji ya bahari, na mizizi yake hunywa pale ambapo mingine hukauka. Unene wake, basi, si wa bure, bali ni maji yaliyowekwa akiba ya kuizimua chumvi isiyokwisha kuingia.

Wala si kwamba huvumilia tu. Majaribio yameonyesha kwamba salikonia ikimwagiliwa maji matamu peke yake hukua kwa unyonge, na hustawi zaidi ikipata chumvi ya kiasi, iliyo pungufu ya ile ya baharini. Taabu yake kubwa haimo katika chumvi, imo utotoni. Mbegu ikishamea, mche huo mdogo huhitaji siku mbili tatu za utulivu ili ushike mizizi, na mawimbi yakija mapema huung'oa. Katika mlango wa mto Dovey, nchini Wales, uchunguzi uliotolewa mwaka 1935 ulionyesha kwamba palipofikwa na maji kila siku miche mingi ilipotea, na palipo juu kidogo, ambapo maji hayakufika kwa siku kadhaa mfululizo, miche mingi ilisalimika. Mvuvi wetu ataielewa khabari hii kwa haraka: mche huponea wakati wa maji mafu, ili bamvua ikija iukute umekwisha kujishikiza.

Na ukishajishikiza, huanza kuwafanyia wengine kazi. Maji yapitayo kati ya mashina hupunguza mbio, na tope lililomo hutua chini. Mwaka baada ya mwaka uwanda huinuka kidogo kidogo, hata mimea isiyoweza kuoga kila siku nayo ikapata pa kuota.

TANGU PWANI HATA JUU YA MILIMA

Mtu aweza kudhani kwamba mimea hii ni ya pwani moja au mbili. Sivyo. Popote duniani ambapo chumvi na maji hukutana, aghlabu patapatikana mmoja wa jamaa hawa.

Katika Ulaya ya kaskazini, kwenye tope kubwa linaloachwa na maji kupwa tangu Uholanzi hata Denmark, salikonia ndiyo hutangulia kushuka karibu na bahari kuliko mimea mingine ya nchi kavu. Huota majira ya kuchipua, na majira ya baridi yakikaribia hugeuka nyekundu kisha ikafa, ikaacha mbegu zake matopeni. Huko Panjin, kaskazini mashariki ya China, penye mlango wa mto Liao, aina ya sueda hufunika ufuo mzima, na wakati huo wa mwaka ufuo wote huwa mwekundu kama zulia, watu wakasafiri kutoka mbali kuja kuutazama.

Tukija katika nchi za Waarabu, twakuta ardhi tambarare ya chumvi iitwayo sabkha, kama ile ya pwani ya Abu Dhabi, ambako vichaka vya jamaa za salikonia huishi miaka mingi katika joto lisilo na huruma. Katika fukwe za Bahari ya Sham na za Ghuba uko mmea mmoja, halopepli, ambao majani yake ni ya mviringo, yamepangana juu ya kijiti mfano wa punje za tasbihi.

Si lazima bahari iwe karibu. Katika Marekani, vichaka vya namna hii vimezunguka Ziwa Kuu la Chumvi la Utah, lililo mbali sana na pwani. Katika Australia, ukoo wa tektikonia una aina zaidi ya 40, na nyingi zake huishi kandokando ya maziwa ya chumvi ya bara, kama Ziwa Eyre, ambalo hukaa kavu kwa miaka kisha likajaa maji ghafla. Na katika milima ya Andes, kwenye nyanda za chumvi za Bolivia na nchi jirani, iko salikonia inayojikunyata chini kama mto wa kulalia, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 3,500, ambapo usiku maji huganda.

Afrika nayo ina fungu lake. Afrika ya Kusini ina aina nyingi za salikonia ziishizo miaka mingi, na vinamasi vya Langebaan, kaskazini ya Cape Town, ni mashuhuri kwa mimea hiyo. Katika pwani za Kenya, Tanzania na Msumbiji hupatikana salikonia ya mwaka mmoja yenye pingili nene, pamoja na tektikonia moja ambayo huonekana pia katika pwani za Bara Hindi. Ama sueda, hiyo haikuridhika na pwani peke yake, bali imeingia mpaka bara, ikaota kandokando ya maziwa ya magadi.

MAJIVU YALIYOOSHA NGUO

Sasa tuje katika kazi iliyofanywa na mimea hii majumbani mwa watu. Mmea uliokunywa chumvi ya bahari ukichomwa moto, majivu yake huwa na magadi mengi. Waarabu waliyaita majivu hayo al-qali. Wataalamu wa Ulaya walipojifunza kemia katika vitabu vya Waarabu walilichukua neno hilo pamoja na alifu na lamu zake, na mpaka leo vitu vyote vya tabia ya magadi huitwa alkali katika lugha za ulimwengu. Hata ile herufi K ambayo mwanafunzi huiona katika orodha ya elementi, ikisimama badala ya potasiamu, asili yake ni neno hilo hilo, qali.

Zamani katika nchi za Kiislamu mimea hii ilitumika kuoshea hata kabla ya kufanywa sabuni. Ilikaushwa ikasagwa, na unga wake, ushnani, uliwekwa karibu na chakula ili watu waoshe mikono yao, na nguo pia zilifuliwa kwa huo. Aliyesoma vitabu vya fiqhi atakumbuka kwamba ushnani hutajwa humo katika mlango wa tohara.

Lakini kazi kubwa ilifanyika Nablus, mji wa Palestina ulio mashuhuri kwa sabuni ya mafuta ya zeituni. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, mabedui walioishi mashariki ya mto Jordan walikusanya mimea ya chumvi ya nchi zao, wakairundika mafungu makubwa, wakaichoma. Majivu waliyatia magunia, wakayapakia juu ya ngamia, na misafara ikashuka mpaka Nablus. Huko yalitwangwa katika vinu vya mawe, yakachanganywa na chokaa, na maji yakapitishwa juu yake tena na tena mpaka yakawa makali. Chokaa huyageuza magadi yakawa na nguvu ya kuyashika mafuta. Maji hayo makali yalipikwa pamoja na mafuta ya zeituni ndani ya chungu kikubwa cha shaba kwa siku kadhaa. Kisha sabuni ilimwagwa juu ya sakafu pana ya ghorofani, ikatandazwa, ikapigwa mihuri, ikakatwa vipande, na vipande vikapangwa kama minara yenye uwazi katikati ili upepo uvikaushe.

Tazama jinsi riziki ilivyoungana: mwenye shamba la zeituni, bedui mwenye ngamia, mpika sabuni na mfanya biashara, wote walitegemea kichaka ambacho mpita njia hakukitupia jicho. Ufundi huo haujafa. Mwezi wa Desemba 2024 shirika la UNESCO liliandika ufundi wa sabuni ya Nablus, na ule wa sabuni ya Aleppo, katika orodha ya urithi wa wanadamu.

KIOO CHA KANDILI

Kazi ya pili ya majivu haya ilikuwa kioo. Mchanga peke yake hauyeyuki ila kwa moto mkali mno. Ukichanganywa na magadi, huyeyuka kwa moto ambao mafundi wa zamani waliuweza. Kwa karne nyingi mafundi wa Sham na Misri walitumia magadi ya kuchimba, yaliyotoka katika bonde la Natrun, Misri. Katika zama za makhalifa wa Bani Abbasi, katika karne ya 8 na ya 9, walianza kuyaacha wakashika majivu ya mimea, kama walivyofanya watu wa Iraq na Uajemi tangu zamani. Huko Raqqa, juu ya mto Furati, mji ambao Harun al-Rashid aliufanya makao yake, wachimbuzi wameyagundua mabaki ya karakana za kioo za wakati huo wa mageuzi.

Kutokana na ufundi huo vikatoka, katika karne ya 13 na ya 14, zile kandili za misikiti za zama za Mamaluki, zilizotiwa dhahabu na rangi na kuandikwa kwa khati nzuri. Baadhi yake zimehifadhiwa Cairo katika Jumba la Sanaa za Kiislamu. Mafundi wa Venice nao waliagiza majivu ya Sham kwa marikebu ili watengeneze kioo chao. Nchini Hispania, wakulima wa pande za Alicante walipanda mimea ya jamaa hii makusudi ili waichome, na majivu yao bora yaliweza kuwa na magadi kiasi cha robo ya uzito wake.

Biashara hii ilikuja kuvunjwa na kemia. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipewa hati ya kumiliki njia aliyoivumbua ya kufanya magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Mapinduzi ya nchi yake yalimnyang'anya kiwanda, naye akafa maskini mwaka 1806, lakini njia yake ilienea. Katika miaka ya 1860 Ernest Solvay wa Ubelgiji akaleta njia iliyo rahisi kuliko ile. Hapo misafara ya majivu ikaanza kupungua, na mimea ikaachwa isimame matopeni, watu wakasahau ilikuwa na kazi gani.

KATIKA SAHANI

Hata hivyo jikoni haikusahauliwa kila mahali. Watu wa pwani ya Norfolk, Uingereza, na wa Uholanzi na Ufaransa huichuma ikiwa changa, wakaila pamoja na samaki. Wakorea huikausha wakaisaga, wakaitumia badala ya chumvi. Waturuki wa pwani ya magharibi huipika kwa namna ambayo mama wa nyumba yeyote aweza kuifuata. Huosha ncha changa kwa maji matamu mengi, huzichemsha bila kutia chumvi hata chembe, kisha huvuta nyama laini ikatoka katika uzi mgumu wa ndani, wakaitia kitunguu saumu kilichopondwa, ndimu na mafuta ya zeituni.

Twaongeza maonyo matatu. Mwenye maradhi ya shinikizo la damu asiikaribie, kwani chumvi yake ni nyingi. Isichumwe mahali panapomwagwa taka au maji machafu, maana mmea unaokusanya chumvi hukusanya na mengine. Na asile mtu mmea asioujua kwa yakini, kwa kuwa tumekwisha kueleza jinsi inavyofanana.

KWA NINI TWAIZUNGUMZA LEO

Msomaji aweza kuuliza: haya yote ni tarikhi, yatufaa nini sasa? Yatufaa kwa sababu ardhi ya dunia inazidi kuingiwa na chumvi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2024 kwamba ardhi iliyoathiriwa na chumvi inafika hekta milioni 1,381, yaani zaidi ya sehemu moja katika kila kumi ya nchi kavu. Bahari inapanda, na mashamba mengi yanamwagiliwa maji pasipo kufanyiwa mifereji ya kuyatoa, basi maji hukauka juu yakaacha chumvi. Wakati huo huo maji matamu yanapungua. Kwa hiyo mmea unaoweza kunywa bahari si jambo la kuchekwa.

Majaribio yamefanywa. Huko Puerto Peñasco, katika jangwa la pwani ya Mexico, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona walipanda salikonia wakaimwagilia maji ya bahari matupu kwa miaka sita. Mwaka 1991 walitoa matokeo yao: mavuno ya mbegu yalilingana na yale ya soya na alizeti zilizomwagiliwa maji matamu, au yaliyazidi, na mbegu hizo zilikuwa na mafuta sehemu 26 hata 33 katika 100. Huko Dubai kiko kituo cha kilimo cha maji ya chumvi kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho huchungua mimea hii pamoja na mingine. Na mwezi wa Januari 2019 ndege ya abiria ilitoka Abu Dhabi ikafika Amsterdam, na sehemu ya mafuta yake ilitokana na salikonia iliyolimwa katika nchi hiyo.

Hata hivyo tusimpe msomaji matumaini yasiyo na mizani. Mbegu zake ni ndogo mno, haziivi kwa wakati mmoja, na nyingi hudondoka kabla ya kuvunwa. Kuyavuta maji ya bahari kunahitaji gharama, na maji hayo yakitiwa mahali pasipofaa yataharibu visima vya watu. Miradi kadhaa ilianza kwa shangwe ikafungwa. Elimu hii ingali changa.

Mfano wa Bahari ya Aral utufunze pande zote mbili. Mwaka 1960 Aral, iliyo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, na miji yake ilikula samaki wake. Mito yake miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya, ikageuzwa ili imwagilie mashamba ya pamba, na ziwa likakauka sehemu kubwa mno. Marikebu zikabaki juu ya mchanga, na upepo ukapeperusha vumbi la chumvi mpaka ndani ya nyumba za watu. Katika tope lile lililoachwa na maji, mimea ya kwanza kuingia, bila ya kupandwa na mtu, ilikuwa salikonia na sueda za mwaka mmoja. Pale palipokuwa pangali na unyevu ziliishika ardhi. Palipokauka kabisa nazo zilikufa, na watu imewalazimu kupanda miti ya jangwani kwa mikono yao ili vumbi lipungue. Hawa wadogo huweza mengi, lakini hawawezi kurudisha ziwa lililoharibiwa na mwanadamu.

WAJIBU WETU

Turudi basi kwenye ule uwanda ulio nyuma ya mikoko, tulikoanzia. Aghlabu watu wakiutazama husema: hapa hapana kitu. Na panaposemwa hapana kitu, ndipo taka humwagwa, kifusi hujazwa, na mabwawa ya kuvunia chumvi huchimbwa pasipo mtu kuuliza kilichokuwapo. Lakini maji ya bamvua yakipanda juu ya uwanda ule, samaki wadogo na kamba huingia pamoja nayo kutafuta chakula, na maji yakitoka, ndege huja. Shina zile fupi hulishika tope lisirudi baharini. Ukiondolewa uwanda, mvuvi na mwenye nyumba ya ufukweni watayaona matokeo yake, ijapokuwa hawatajua yametokea wapi.

Twawausia wazazi wanaoishi pwani wawachukue watoto wao siku moja maji yakiwa yamekupwa, wakaione mimea hii kwa macho. Wasiing'oe wala kuikanyaga ovyo, kwani alama ya mguu katika tope lile hukaa muda mrefu. Twawausia vijana wachukue karatasi na kalamu, waichore, waandike imeota umbali gani kutoka kwenye mikoko, na lini iligeuka nyekundu. Kisha wawaulize wazee wa mtaa waliiitaje, na iliwahi kutumiwa kwa kazi gani. Vitabu vya mimea vimejaa majina ya Kilatini, ilhali majina ya mababu zetu yangali vifuani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Mabedui wa mashariki ya Jordan hawakuingia chuo, lakini waliijua ardhi yao ya chumvi, wakapata humo riziki yao na usafi wa wenzao. Nasi tusiwe watu wa kusema hapana kitu kabla ya kuinama na kutazama. Mwenyezi Mungu atujaalie kuyatambua aliyotuwekea karibu nasi, na kuyahifadhi kwa ajili ya watoto wetu. Amin.